Uliza Dada wa Kalamu: Kodi tarehe 30, mteja hata mmoja sina

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, watu wanaandika vizuri ila hela haionekani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana naona inawagusa wengi, zingine nimejibu kadri swali lilivyohitaji.

*

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 25 niko Morogoro, nimemaliza chuo mwaka juzi nimesomea lugha, ajira hakuna. Naandika vizuri hata walimu wangu walikua wanasema. Nilifungua ukurasa Facebook na Instagram nikaandika "Karibu kwa huduma za uandishi wa aina zote", huu ni mwezi wa nne tangu nifungue nimepata watu wawili tu, mmoja alitaka barua ya kuomba kazi bure kisa ni rafiki wa kaka yangu, wa pili nilivyotaja bei akapotea. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu tarehe 30 mwezi huu wa sita. Naona watu wanasema Fiverr unapata hela ndani ya wiki. Naomba uniambie ukweli dada, nianzie wapi nipate mteja anayelipa haraka? – Kijana wa Kihonda

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hesabu ya kodi inavyomnyima mtu usingizi naijua, nshalala nayo kichwani zaidi ya mara moja.

Nianze na Fiverr, ule mtandao wa kuuzia kazi kama za uandishi, mana ndo umeitaja. Ni ya kweli na kuna watu wanalisha familia kupitia hapo, ila kwa tarehe 30 haikufai. Ukifungua akaunti leo huna nyota hata moja, na mteja anaekutafuta anapita kwanza kwa wenye maoni mia mia ndo afike kwako. Tuseme umebahatika umepata kazi ya dola 50, wao wanakata 20% unabaki na dola 40, alafu oda ikishakamilika hela inakaa siku 14 ndo unaruhusiwa kuitoa, bado makato ya njiani mpaka ifike kwenye simu yako. Upwork, mtandao mwingine kama huo, nako kuomba kazi kwenyewe unalipia, kuna vitu wanaita Connects kila kimoja dola 0.15 na tangazo moja linaweza kumeza kadhaa, na ukikosa kazi mara nyingi hazirudi. Kwaiyo fungua akaunti sawa, ijenge jioni jioni ukiwa nyumbani, ila mchana miguu yako iwe sehemu nyingine. Na kuna wale wanaotuma meseji eti lipia 20,000 ya usajili uanze kupata kazi za kuandika, hao usiwajibu kabisa, mwandishi ndo analipwa, hakuna kazi ya halali inayoanza kwa wewe kumtumia bosi hela.

Sasa turudi kwako. Kilichokuponza ni yale maneno "uandishi wa aina zote". Mama mwenye duka la pembejeo akipita hapo hajioni, mwalimu mkuu hajioni, mwenyekiti wa kikundi hajioni, mana hakuna mtu anaeamka asubuhi akasema leo nahitaji uandishi. Watu wanaamka na shida zao, kwamba kipeperushi hakijaenda kwa mchapaji, andiko la mkopo halijaisha, tovuti haina maneno, risala ya mahafali hakuna wa kuiandika. Hao wote wana kitu kimoja sawa na wewe, wana tarehe. Wewe una tarehe 30 inakukimbiza, basi tafuta mtu ambae na yeye ana tarehe inamkimbiza na kilichomkwamisha ni maneno. Huyo ndo mteja wa haraka. Asie na tarehe hata akikupenda vipi atakwambia "nitakucheki", na hatakucheki.

Na bahati yako uko Morogoro na huu ni mwezi wa sita. Nane Nane, yale maonyesho ya wakulima, ya Kanda ya Mashariki inafanyika hapo hapo kwenu, viwanja vya Mwalimu Nyerere, mabanda yanafunguliwa tarehe 1 Agosti. Hesabu kurudi nyuma: kipeperushi kinatakiwa kiwe kimechapwa wiki ya mwisho ya Julai, mchapaji anataka faili wiki mbili kabla, mtu wa kudizaini anataka maneno kabla ya hapo, yaani maneno yanatakiwa sa hivi hivi. Wauza mbegu, wauza vifaranga, wenye mashine za kukamulia alizeti, vikundi vya kina mama vya kusindika, kampuni za dawa za mifugo, wote hao watasimama bandani na wengi bado hawajaandika kitu. Wanachofanya ni kuchukua kipeperushi cha mwaka jana wanabadilisha mwaka. Tembea Msamvu mpaka mjini, ingia maduka ya pembejeo, uliza kwa heshima nani anaandaa maonyesho mwaka huu.

La pili ni maandiko. Unajua ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kikitaka kuomba kinatakiwa kiwe na andiko la mradi, na hapo ndo wengi wanakwama, mana mama anajua kabisa kuku wake 200 wanakula mifuko mingapi ya chakula kwa wiki ila kuiweka hiyo hesabu kwenye karatasi ikaeleweka ni kazi nyingine. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anasaidia na msaada wake ni bure, kwaiyo usiende kumpiga mtu laki mbili. Kikundi cha watu watano wakichanga 6,000 kila mmoja umepata 30,000, umekaa nao nusu siku umeandika kwa utaratibu, na afisa akilipokea analikuta limenyooka. Ila nakuomba sana usimuahidi mtu yeyote kwamba mkopo utatoka. Wewe unauza andiko, mkopo unatolewa na halmashauri.

Ngoja nikupe mfano wangu uone namaanisha nini. Mwaka 2015 nilikua nimekwama kama wewe, Dar, nikaenda Keko kule kwenye mafundi wa samani kumtembelea jamaa wa mtaani kwetu anaetengeneza sofa. Ilikua inakaribia Eid, na wakati huo watu wanabadilisha sofa sana. Alikua ananionyesha simu yake amechoka. Kila picha anayoweka ameandika "sofa kali bei poa njoo tuongee", na chini watu hamsini wanauliza bei gani, mbao gani, watu wangapi wanakaa, mnaleta mpaka Mbagala? Anajibu mpaka saa sita usiku na asubuhi anashika randa macho mekundu. Nikamuuliza pale pale maswali wanayouliza watu, nikaandika kwenye simu yangu: fremu ya mninga, sponji nzito, ya watu saba inakaa tatu mbili moja moja, bei hii, kianzio nusu, inakamilika siku kumi, usafiri ndani ya Dar bei hii, ukitaka rangi nyingine chagua kitambaa hapa. Akabandika kwenye picha mbili. Jioni akanipigia anasema leo walioandika ni wachache ila wote wanauliza "nikutumie kianzio namba gani". Kesho yake nikamwandikia picha kumi na nne zilizobaki, akanipa 30,000 mkononi juu ya benchi la randa bado ina vumbi la mbao, alafu akanipeleka kwa jirani yake anaeuza magodoro.

Hio siku nilielewa kitu ambacho chuo hawakunifundisha. Yule fundi hakununua Kiswahili changu kizuri, alinunua usingizi wake. Ukienda kwa mteja usianze kujieleza wewe umesoma wapi, anza na pale maneno yake yanapomletea usumbufu.

Kwaiyo leo hii kaa chini andika majina ya watu ishirini unaowajua ambao wana biashara, ofisi, shule, kikundi au kanisa au msikiti wenye miradi. Usiseme humjui mtu, unamjua alieuza laptop yako, mwenye steshenari unapoprinti, mwalimu wa shule binafsi uliyosoma, mjomba mwenye bodaboda tatu, dada wa saluni. Hao ishirini usiwatumie meseji moja ya kukopi. Kila mmoja angalia kitu chake kwanza alafu mwandikie kitu kama hiki, tuseme ni mama mmoja anaeuza vifaranga:

"Shikamoo mama, mimi ni kijana wa Kihonda naandika vipeperushi vya biashara. Jana nilichukua karatasi yenu ya vifaranga pale dukani. Haijasema kifaranga ameshapata chanjo gani, anauzwa akiwa na siku ngapi wala siku zipi mnagawa, na nilipokaa pale robo saa watu watatu waliuliza hayo hayo. Nimeandika upya sehemu ya juu nimekuwekea hapa chini uone. Mkiwa mnaenda Nane Nane naweza kuwamalizia kurasa zote mbili kwa 50,000, nusu ya kuanzia, mnapata Alhamisi jioni."

Angalia hio meseji ina nini. Ina kitu umekiona kwa macho, ina kipande kidogo cha kazi, ina bei, ina siku. Kipande usizidishe, mistari mitano sita inatosha, ukimpa karatasi nzima ashapata alichotaka. Na bei itaje wewe, usimwambie "utakachojaaliwa mama", mana ukisema hivo unampa kazi ya kufikiria na mtu akipewa kazi ya kufikiria anaahirisha. Yule wa pili aliepotea ulipotaja bei usimuumizie roho, kuna wanaopotea na ni sawa tu.

Asipojibu baada ya siku mbili nenda mwenyewe. Kwetu huku mtu akiona uso wako na umevaa vizuri umesalimia vizuri ni tofauti na namba ngeni kwenye WhatsApp.

Nusu ya kuanzia usione aibu kuiomba. Fundi cherehani anachukua kianzio, fundi aluminiamu anachukua, wewe kwanini uandike mkono mtupu? Na kwenye simu mwambie atume na ya kutolea, vitu vidogo ila ukifanya kazi tano unaona tofauti. Hapo mwanzo chukua kazi za kati ya 20,000 na 60,000 zinazoisha ndani ya siku mbili tatu, mana mtu wa kazi ya laki tano atataka kikao, profoma, LPO (hati ya oda ya manunuzi), sahihi ya bosi aliesafiri, na wewe huna muda huo sa hivi. Hizo kubwa utazifuata ukishalipa kodi.

Alafu kesho asubuhi kabla ya yote nenda kwa mwenye nyumba. Sitakudanganya, inawezekana ikafika tarehe 30 una ya mwezi mmoja na nusu. Mwenye nyumba akielezwa mapema na akapewa kitu mkononi anakua mtu mwingine kabisa kuliko akija kugonga mwenyewe.

*

Hujambo dada, niko Eldoret. Tangu 2016 nimekuwa nikifanya zile kazi za akademiki, kuandikia wanafunzi wa ng'ambo, kwa akaunti ya mtu mwingine tunagawana. Ilinilipia nyumba na karo ya mtoto. Lakini tangu hii ChatGPT itoke mwisho wa 2022 oda zimekauka kabisa, mwezi jana nimepata kazi tatu pekee. Mwenye akaunti anasema nivumilie. Je kuna njia ya kupata wateja wa akademiki moja kwa moja bila broka? – Mama Kip

Hujambo mamangu, asante kwa kuandika bila kuficha. Nami sitakuficha. Njia ya kwenda moja kwa moja kwa wanafunzi sitakuonyesha, na nakusihi uiache. Australia walipitisha sheria 2020 na England 2022, kumuuzia mwanafunzi kazi ya kuwasilisha kama yake ni kosa huko. Hilo moja. Lingine ambalo linaniuma zaidi kwa niaba yako ni kwamba umeandika miaka yote hiyo na huna ukurasa hata mmoja unaoweza kumwonyesha mtu ukasema huu ni wangu. Akaunti si yako, jina si lako, na kazi yenyewe ilibidi ifichwe.

Ila mikono yako unayo. Wewe ni mtu unaeweza kupewa mada usioijua saa kumi jioni na asubuhi ukawa umesoma vyanzo kumi na tano, umeandika maneno elfu tatu yenye mpangilio na marejeo yamekaa sawa. Unajua ni wachache kiasi gani wanaweza hivyo? Kuna watu wanalipa kwa hilo kihalali. Washauri wanaoandikia mashirika ripoti wanahitaji mtu wa kuwasomea na kuwapangia, vyama vya ushirika vya maziwa na SACCO vinaandaa taarifa ya mwaka, na kuna hii ya kampani profaili ambayo naona ndo ya haraka zaidi kwako. Kenya 30% ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mnaijua kwa jina la AGPO. Mwaka wa fedha mpya unaanza tarehe 1 Julai. Maana yake kuna kina mama na vijana wengi hapo Uasin Gishu wana kampuni zimesajiliwa, wanataka kuomba tenda, na hawana karatasi inayoeleza kampuni yao ni nini na imefanya nini. Tenda ina siku na saa ya kufungwa, ukichelewa dakika moja umechelewa. Nenda kwa yule anaewachapia na kuwafungia makabrasha ya tenda, muulize wateja wake wanakwama wapi, muachie namba yako na mkubaliane akuletee watu.

Na kuna kitu kiko si mbali sana na kwako sijui kama umewahi kukitazama kwa jicho la biashara. Iten. Kule juu karibu mita 2,400 wanakuja wakimbiaji kutoka nchi za nje kufanya mazoezi, wanalala kwenye kambi na nyumba za wageni ambazo nyingi ni za watu wa hapo hapo. Mgeni akiwa kwao anataka kujua kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret anafikaje, njia za vumbi za kukimbia zinaanzia wapi, ugali na mboga saa ngapi, maji ya moto yapo, kuna uwanja wa kukimbilia, mwezi gani mvua inaharibu njia. Ingia kwenye kurasa za hizo nyumba uone wangapi wamejibu hayo. Wewe Kiingereza chako kimezoea kusomwa na watu wa nje miaka yote hiyo na unaishi hapo, hio ni faida ambayo mtu wa Nairobi hana. Chagua nyumba tatu, fanya kama nilivyomwambia kijana wa Kihonda hapo juu, kipande kidogo, bei, siku.

Kingine, hakikisha PIN yako ya KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) na eTIMS, ule mfumo wao wa invoisi za kielektroniki, viko sawa kabla ya kufuata kampuni, mana kampuni nyingi siku hizi bila invoisi ya eTIMS hazikulipi, na itauma sana upate kazi alafu ukwame kwenye karatasi.

*

Assalamu alaykum dada. Miye niko Unguja. Mwezi wa tatu niliandikia hoteli moja ya pwani maneno ya tovuti yao na menyu, makubaliano 250,000. Kazi wameipokea wameshaiweka hewani, kila nikiuliza "keshokutwa inshallah". Nina hasira nataka niwaweke mtandaoni watu wawajue. – Binti wa Jang'ombe

Waalaykum salaam mdogo wangu. Hasira yako ni ya haki kabisa, kazi yako inawaletea wageni na wewe huna kitu. Ila mtandaoni usiwapeleke, kisiwa kidogo, wenye mahoteli wanajuana na wewe bado unataka kufanya kazi hapo.

Fikiria kidogo msimu. Mwezi wa nne na wa tano ni masika, hoteli nyingi za pwani zinakua tupu, zingine zinafunga kabisa, hela inayoingia ni ya kulipa umeme na walinzi. Hainyimi haki yako, ila inaeleza kwanini ulizungushwa miezi hiyo. Sasa ni Juni, wageni wanaanza kurudi, hela inaanza kuonekana, kwaiyo wiki hii ndo wiki yako. Usitume meseji tena. Nenda asubuhi siku ya kazi, usimuulizie meneja, muulizie mhasibu kwa jina. Beba ankara imechapwa, ina tarehe uliyokabidhi kazi, kiasi, namba yako ya simu na TIN, na zile meseji za makubaliano zichape pia. Keti. Uliza swali moja tu, "malipo haya yamekwama kwa nani?" Mara nyingi utakuta hayajawahi kufika mezani kwa mhasibu, yamekaa kwenye simu ya meneja. Wakisema hela yote hawana kubali nusu leo na nusu kwa tarehe wanayoiandika wenyewe na kusaini. Ikishindikana hiyo, mpe barua ya madai yenye siku 14, nakala ubaki nayo, na kuna wengi wameishia kusikilizana mbele ya sheha, kiongozi wa shehia, bila kufika mbali.

Wakikulipa 237,500 badala ya 250,000 usipigane nao, hio ni kodi ya zuio 5% inakatwa kwenye malipo ya huduma, wewe waombe cheti chake ukitunze.

Na kuanzia sasa maneno ya tovuti usiyakabidhi yote kabla ya nusu ya pili. Mpe kurasa mbili aziweke, tatu zilizobaki zinakuja na malipo. Wateja waungwana hawachukii, wameshazoea.

*

Dada naomba jibu la haraka. Natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, niko Mombasa. Mteja wa nje amenitafuta kwa imeili, kurasa 30, akakubali bei bila kuuliza chochote. Sasa kanitumia hundi ya pesa nyingi kuliko tulivyokubaliana, anasema nitoe yangu na ile ya ziada nimtumie mtu wake kwa M-Pesa. Nifanye? – Mtafsiri wa Kisauni

Hapana kakangu, usitume hata shilingi moja. Huu ni utapeli wa siku nyingi sana kwa watafsiri dunia nzima. Hundi ni ya bandia, benki inaweza ikakuonyesha hela imeingia na baada ya siku au wiki ikarudi kwamba haina kitu, wakati huo ile ya ziada umeshaituma kwa M-Pesa na haipo tena, na benki inakudai wewe. Usiipeleke benki hio hundi kama bado unayo. Kama ulishaiweka nenda leo tawini waeleze kila kitu kabla hawajakuita wao. Na hizo kurasa 30 acha kutafsiri, mara nyingi ni maandishi yamechukuliwa tu mtandaoni, chukua sentensi moja ndefu uitafute utaikuta.

Mteja mwingine wa nje akikutafuta, jina la ofisi yake liangalie kwanza kwenye ProZ, tovuti ya watafsiri, sehemu wanayoita Blue Board, watafsiri wenzako wanaandika pale nani analipa na nani halipi. Angalia pia imeili imetoka kwenye anwani ya ofisi yenyewe au Gmail yenye jina linalofanana. Alafu kama hundi ulishaiweka, niandikie tena ukishatoka benki uniambie wamesemaje.